Safari ya kuongozwa kwenda Kati Thanda–Lake Eyre: je, maji, maua na ndege huonekana kwa wakati mmoja?

Binti wa Pangani (Adelaide) anauliza:

Salamu kwenu nyote, na shikamoo kwa wakubwa waliomo humu.

Mjomba wangu, ambaye alifundisha jiografia katika shule za sekondari mkoani Tanga hadi alipostaafu, anatarajia kuja kututembelea hapa Adelaide kuanzia mwanzoni mwa Agosti ijayo hadi mwishoni mwa Septemba. Tangu aliposikia habari za mafuriko makubwa yaliyotokea magharibi mwa Queensland mwezi Machi na Aprili 2025, na jinsi maji hayo yalivyosafiri jangwani hadi kufika Kati Thanda–Lake Eyre, ziwa ambalo kwa miaka mingi alilitaja darasani kama mfano wa ziwa lisilo na njia ya kutokea baharini, hana ombi jingine kwangu ila kupelekwa huko. Isitoshe, ni mpenzi mkubwa wa ndege. Darubini yake huifunga kwenye begi la mkononi kabla hata ya kufikiria nguo.

Nimekuta matangazo kadhaa ya safari za kuongozwa, na karibu yote yanaahidi maji ya mafuriko, maua ya jangwani na makundi ya ndege katika safari moja. Bei zake si ndogo, na mjomba amekwishavuka miaka 70, ingawa bado anatembea vizuri. Kwa hiyo ningependa kusikia kutoka kwa wale wanaolifahamu eneo hilo. Je, ni kweli kwamba vitu hivyo huonekana kwa pamoja katika miezi atakayokuwapo? Je, tuangalie ziwa kwa ndege ndogo au inatosha kufika kwa gari? Na je, kuna ulazima wa kuwa na mwongoza watalii, ilhali mume wangu ni dereva mzoefu na tunalo gari lenye uwezo wa kupita barabara mbovu? Natanguliza shukrani.

Dereva wa Nyika (Port Augusta) anajibu:

Dada, karibu sana, na mpe mjomba pole ya safari kabla hajaianza, kwa maana kutoka Tanga hadi Marree, mji mdogo ulio karibu na ziwa hilo, ni mwendo. Mimi nilianza kazi ya kuendesha watalii huko Arusha, na kwa sasa nawaendesha watalii wa kaskazini mwa Australia Kusini, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa swali lako la kwanza ndilo ambalo wageni wengi hawaulizi hadi wanapokuwa wamekwishalipa.

Maji unayoyaona ndani ya Kati Thanda kwa kawaida si mvua ya pale. Pale penyewe ni miongoni mwa sehemu kavu kuliko zote katika bara hili. Ni mvua iliyonyesha Queensland, mamia ya kilomita kaskazini-mashariki, mara nyingi kati ya Januari na Machi, ikaingia katika mito ya Georgina, Diamantina na Cooper, kisha ikateremka taratibu sana kwa sababu nchi ile ni tambarare mno na mto haubaki katika mkondo mmoja bali hugawanyika katika vijito vingi visivyohesabika. Maji ya Diamantina hupita mji mdogo wa Birdsville, hutandaa katika kinamasi kikubwa kiitwacho Goyder Lagoon, ndipo huingia Mto Warburton na kufika upande wa kaskazini wa ziwa. Safari hiyo huchukua wiki nyingi, na kwa Cooper huweza kuchukua miezi, kwa sababu Cooper hulazimika kwanza kujaza maziwa na mabwawa yaliyo njiani, na katika miaka mingi huishia huko huko bila kufika. Bonde lote linalomwaga maji humo lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 1.2, yaani linazidi Tanzania nzima, na bado ziwa hujaa kabisa mara chache tu katika karne moja. Mjazo mkubwa kuliko wote ulioandikwa ni ule wa mwaka 1974, ambapo kina kilifikia kama mita 6. Likijaa hivyo, eneo lake hufikia takriban kilomita za mraba 9,500, na mjomba atatambua mara moja kwamba hilo ni kubwa kuliko Ziwa Turkana.

Maua yana habari tofauti kabisa. Yenyewe hutegemea mvua iliyonyesha pale pale yanapoota, wiki chache au miezi michache kabla, na hasa mvua za kipupwe, yaani Juni hadi Agosti. Mbegu hulala mchangani kwa miaka, zikingoja unyevu wa kutosha. Kwa hiyo unaweza kupata mwaka ambao ziwa lina maji mengi lakini nchi inayolizunguka ni mawe matupu na vumbi jekundu kwa kuwa mvua ilinyesha Queensland peke yake. Na unaweza kupata mwaka mwingine ambao ziwa ni chumvi tupu huku matuta ya mchanga yakiwa yamefunikwa na maua meupe, ya manjano na ya zambarau hadi upeo wa macho. Miaka ambayo mambo hayo mawili hukutana ipo, lakini hakuna kampuni inayoweza kukuahidi mwezi Februari kwamba Agosti itakuwa hivyo. Nimewahi kupokea kutoka kwa kampuni moja kundi la wageni waliokuwa wameuziwa "zulia la maua" kwa picha zilizopigwa mwaka mwingine, na walipofika hapakuwa na ua hata moja. Wazee wale walikaa ndani ya basi kwa huzuni, na mimi niliona haya kwa niaba ya kazi yetu. Mwongozaji mwema hukwambia mapema kilichopo na kisichokuwapo, kisha huipanga njia kulingana na kilichopo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mpigie simu mwenye safari umwulize maswali ya wazi: wiki hii maji yako wapi, ni mto upi unaoyaleta, mvua ya mwisho katika eneo la Marree na William Creek ilinyesha lini, na ikiwa barabara itafungwa, mtatupeleka wapi badala yake. Anayejua kazi atakujibu kwa majina ya mahali na tarehe. Anayekujibu kwa sifa tupu, mwache.

Kuhusu ndege ndogo, jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Watu hufikiri watafika ukingoni na kuyaona mawimbi. Ukifika Halligan Bay kwa barabara ya vumbi itokayo upande wa William Creek, takriban kilomita 60 za mtikisiko, unachokiona mara nyingi ni tandiko la chumvi jeupe linaloumiza macho, na mbali kabisa ufito mwembamba wa rangi ya fedha ambao huwezi kujua kama ni maji au mangati. Sakafu ya ziwa iko takriban mita 15 chini ya usawa wa bahari, lakini mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba maji huanza kwa kukusanyika katika sehemu zenye kina zaidi, kama vile Belt Bay na Madigan Gulf, mbali na mahali gari linapofika. Kutoka angani ndipo unapoiona njia ya Warburton ikikata chumvi kama uzi wa rangi ya chai, na maji yakibadilika kutoka kahawia hadi kijani hadi waridi kadiri chumvi inavyozidi na vijimea vya majini vinavyoongezeka. Mwalimu wa jiografia akiitazama ramani hiyo iliyo hai chini ya bawa la ndege, sidhani kama atataka kushuka. Safari hizo za angani huanzia William Creek, Marree, Coober Pedy na hata Birdsville.

Jambo jingine ambalo nawasihi mlichukulie kwa uzito ni kwamba nchi hiyo ni ya Waarabana, wenyeji wake wa asili, ambao mahakama ilitambua haki yao ya asili juu ya ardhi hiyo mwaka 2012, na mwishoni mwa mwaka huo huo ziwa likapewa rasmi jina lao la Kati Thanda sambamba na lile la kizungu. Kwao ziwa ni mahali patakatifu. Kwa sasa, chini ya mpango wa usimamizi wa hifadhi hiyo, wageni hawaruhusiwi kutembea juu ya sakafu ya ziwa, wala kuogelea, wala kuingiza gari au mashua bila kibali. Wapo wageni wanaonung'unika kwamba wamesafiri mbali na hawakukanyaga chumvi. Mimi nawaambia kwamba sisi wenyewe tuna misitu ya kaya na makaburi ya wazee ambamo mgeni haingii kwa viatu vyake, na hakuna anayeona ajabu. Isitoshe, gamba lile la chumvi ni jembamba. Chini yake kuna tope jeusi linalonasa, na alama ya mguu huweza kubaki miaka.

Kuhusu kuendesha wenyewe, mume wako akiwa mzoefu anaweza kufika Marree na hata William Creek kwa barabara ya Oodnadatta Track, ilmradi barabara iwe wazi. Tatizo si ufundi wa kushika usukani. Ni kwamba mvua ndogo tu hugeuza udongo ule kuwa utelezi, barabara hufungwa ndani ya saa chache, na kuendesha gari katika barabara iliyofungwa kuna faini nzito kwa kuwa magurudumu huiharibu kwa msimu mzima. Mkienda wenyewe, chukueni simu ya setilaiti, matairi mawili ya akiba, na maji ya kunywa ya siku kadhaa zaidi ya mnazopanga. Lakini mkiwa na mzee, mimi ningechagua mwongozaji, ili mume wako naye apate kutazama nje ya dirisha.

Mpenzi wa Mabawa (Melbourne) anajibu:

Nakushukuru Dereva wa Nyika kwa maelezo yaliyokamilika. Nakubaliana naye katika mengi, ila ningependa kutofautiana naye kwa upole katika jambo moja: ikiwa mjomba anakuja hasa kwa ajili ya ndege, basi ziwa lenyewe si mahali pa kwanza pa kumpeleka.

Ndege wakubwa wa Kati Thanda, yaani wari wa Australia, hukusanyika huko kwa makumi ya maelfu katika miaka ya maji mengi, wakitoka pwani umbali wa mamia ya kilomita, na hutaga mayai katika visiwa vya katikati ya ziwa ambako mbwa mwitu wa dingo hawafiki. Ni jambo kubwa na la kustaajabisha. Lakini kutoka angani wari hao huonekana kama punje nyeupe zilizomwagwa mezani, na rubani hawezi kushuka chini sana kwa sababu kuwashtua wazazi kunaweza kusababisha makinda yaachwe. Mtu mwenye darubini atarudi na kiu.

Hali ni hiyo hiyo kwa yule ndege mdogo wa majini mwenye miguu mirefu ya waridi na utepe wa rangi ya kahawia kifuani, ambaye Waustralia humwita banded stilt. Huyu, kwa maoni yangu, ndiye wa ajabu kuliko wote. Hukaa pwani kwa miaka, kisha ziwa la chumvi la jangwani linapopata maji, huondoka usiku na kuruka moja kwa moja; watafiti waliowafunga baadhi yao vifaa vidogo vya setilaiti waliona ndege akivuka zaidi ya kilomita 2,000 kwa siku chache. Huko huwakuta kamba wadogo mno wa maji ya chumvi, ambao mayai yao yalikuwa yamelala ndani ya chumvi kavu tangu mafuriko yaliyopita, na ambao huanguliwa mara maji yanapofika. Makinda yake hutoka kiotani na kwenda majini karibu mara tu baada ya kuanguliwa, na adui yao mkubwa si joto bali ni shakwe, wanaokuja kwa makundi na kuyala. Anayelijua Ziwa Natron, ambako heroe wadogo huzaliana juu ya magadi yasiyofikika, atalielewa jambo hili bila kufafanuliwa: viumbe huchagua mahali pabaya kwa sababu ndipo adui ni wachache. Ila, kama vile Natron, si mahali ambapo mtazamaji husogea karibu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kufuata mito na mabwawa yake, ambako maji ni matamu, miti ipo, na ndege wako karibu na macho. Katika Cooper, kaskazini-magharibi mwa kijiji cha Innamincka, kuna maziwa ya Coongie, ambayo tangu mwaka 1987 yamo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Huko, pamoja na kando ya madimbwi ya kudumu ya Cooper penyewe, mjomba anaweza kukaa kwenye kiti cha kukunja asubuhi moja tu akaona wari wakivua kwa pamoja, buabua wakipiga mbizi, korongo wa kijivu waitwao brolga, bata wenye madoadoa ambao kwingineko ni adimu sana, na wale bata wadogo wenye mdomo mpana kama kijiko ambao huogelea kwa kuzungukana ili kuchuja chakula kinachoibuka. Jua linapopanda, kasuku wadogo wa kijani huja kunywa maji. Katika miaka ya neema huja kwa maelfu, kundi zima likigeuka kwa pamoja, mara kijani, mara manjano, na sauti ya mabawa yao huisikia kifuani kabla ya kuwaona. Wengi wetu tumemwona kasuku huyo akiwa peke yake ndani ya kizimba sebuleni mwa mtu; kumwona katika nchi yake, akiwa na jamaa zake wote, ni haki ambayo kila mpenda ndege angestahili kuipata.

Wakati mzuri wa hayo haulingani na kilele cha mafuriko. Maji yakiwa bado yanapanda, ndege hutawanyika kwa sababu kila mahali pana maji. Yanapoanza kupungua na mabwawa kujitenga, samaki hubanwa mahali padogo na ndege hukusanyika. Hivyo Agosti na Septemba, baada ya mafuriko yaliyoanza mapema mwaka huo, mara nyingi ni miezi mizuri kwa ndege hata kama magazeti yamekwishaacha kuandika kuhusu ziwa. Kwa upande mwingine, ziwa lenyewe linapokauka, maji huzidi chumvi, samaki hufa kwa wingi na harufu yake hufika mbali. Ndege wanaokula samaki huondoka, na wanaokula kamba hubaki kwa muda kidogo. Mwulize mwenye safari maji yako katika hatua ipi kati ya hizo.

Ummu Salim (Adelaide) anajibu:

Assalamu alaykum dada Binti wa Pangani. Ndugu zangu waliotangulia wameyaeleza maji na ndege, nami nitaongeza mambo ya mzee na ya njiani, kwa kuwa nilikwenda huko na mama mkwe wangu.

La kwanza ni baridi. Watu husikia neno jangwa wakafunga nguo nyepesi. Mchana wa Agosti ni mzuri kabisa, wa kuvaa shati la mikono mirefu tu, lakini usiku huweza kushuka karibu na nyuzi sifuri, na mzee aliyetoka Tanga hajawahi kulala katika baridi ya namna hiyo. Chagueni safari inayolaza wageni katika vyumba vya nyumba ya wageni kuliko ile ya mahema, hata kama inagharimu zaidi. Mwezi Septemba joto huanza kurudi, na pamoja nalo nzi, ambao hutafuta maji ya macho na midomo kwa ukaidi usioelezeka; nunueni neti ya kichwa mapema, kwa sababu katika vituo vya njiani huisha.

La pili ni maua. Kwa kuwa hayana ahadi, msiyaachie bahati peke yake. Mkiwa njiani kwenda kaskazini, simameni Port Augusta katika bustani ya mimea ya nchi kavu iliyoko juu ya Ghuba ya Spencer. Huko mjomba ataliona, kwa nafasi na bila haraka, ua ambalo ni nembo ya jimbo hili tangu 1961, lile jekundu la jamii ya kunde lililopewa jina la mvumbuzi Charles Sturt (Sturt's desert pea). Hutambaa chini kabisa, kwa hiyo mtu hulazimika kuinama au kuchutama. Petali zake ni nyekundu ya damu, ndefu, zimening'inia, na katikati kuna nundu nyeusi inayong'aa kama jicho lililolowa. Mama mkwe alilishika kwa ncha ya kidole akasema Subhanallah, akakaa kimya. Baada ya mvua nzuri huota lenyewe kando ya barabara karibu na Woomera na Roxby Downs, lakini porini hairuhusiwi kulichuma bila kibali, wala haisaidii, kwa sababu hunyauka mara moja.

La tatu, mkipita Marree, tengeni saa moja. Mji huo mdogo ulikuwa makao ya watu wa ngamia, Waislamu waliotoka Afghanistan na nchi ambayo leo ni Pakistan, ambao katika karne ya 19 walibeba chakula, sufu, nguzo za telegrafu na hata maji ya kunywa kwa ajili ya watu wote wa bara la ndani. Walijenga hapo msikiti wa udongo, miongoni mwa misikiti ya kwanza ya nchi hii, na leo kuna mfano wake uliojengwa upya kwa kumbukumbu, pamoja na mitende iliyotokana na kazi ya mikono yao. Tuliswali Adhuhuri karibu na hapo. Waongozaji wengi hupita bila kusimama, basi mwombeni mapema aiweke katika ratiba.

Binti wa Pangani anajibu:

Nimewasomea wote mjomba kwa simu, neno kwa neno, naye anawarudishia salamu. Hasa habari ya mito kugawanyika katika vijito ilimfurahisha, na amesema kwamba bata wa mdomo wa kijiko hataki kumkosa.

Tumekubaliana kwamba tutatafuta safari ya kuongozwa yenye vyumba, katika wiki ya mwisho ya Agosti, na kwamba bustani ya Port Augusta na Marree viwemo. Kilichobaki ni kuchagua. Muda na fedha zetu haziruhusu kwenda Innamincka na William Creek kwa pamoja. Je, Dereva wa Nyika, ukizingatia aliyoyasema Mpenzi wa Mabawa kuhusu Cooper, kuna njia ya kuona ziwa kutoka angani na bado kuwapata ndege wa karibu bila kuzunguka nchi nzima? Na je, kupanda ndege ndogo kuna ugumu wowote kwa mtu wa umri wake?

Dereva wa Nyika anajibu:

Dada, Mpenzi wa Mabawa amesema kweli, wala sina la kumpinga. Mimi nilijibu kwa ajili ya mwalimu wa jiografia, yeye amejibu kwa ajili ya mwenye darubini, na mjomba ni wote wawili.

Njia ipo, na jina lake ni Marree. Kutoka hapo mnaweza kuruka juu ya ziwa asubuhi, wakati anga limetulia. Siku inayofuata, ikiwa Cooper imefika, mwongozaji anaweza kuwapeleka kaskazini kwa Birdsville Track hadi pale mto unapoikata barabara, mwendo usiofika kilomita 150. Katika miaka ambayo maji hufika hapo, barabara huzama na magari huvushwa kwa pantoni, na kando yake, penye miti iliyosimama majini, huwapo wari, buabua na mwewe wengi. Mzee atakaa ukingoni kwa kiti chake bila kupanda wala kushuka mahali popote. Ikiwa Cooper haijafika mwaka huo, rudini upande wa magharibi kwa Oodnadatta Track hadi Coward Springs, ambako maji ya chini ya ardhi hutoka yenyewe na kuunda kinamasi kidogo chenye matete na ndege wa maji mwaka mzima. Karibu yake ziko chemchemi za Blanche Cup na Bubbler, ambazo kwa mwalimu wa jiografia zina somo zima la lile bonde kubwa la maji ya ardhini liitwalo Great Artesian Basin. Safari nzuri huyaweka yote mawili katika ratiba, moja likiwa akiba ya jingine.

Kuhusu ndege ndogo, ugumu uko mahali pawili. Kupanda ni kwa kukanyaga kidaraja chembamba huku ukiinama, kwa hiyo mtajieni mwenye ndege umri na uzito wake mnapoweka nafasi, kwa kuwa viti hupangwa kwa uzito. Omba akae kando ya rubani ikiwezekana, ambako nafasi ya miguu ni kubwa zaidi na dirisha liko mbele. La pili ni kichefuchefu: baada ya saa nne asubuhi ardhi hupata joto na ndege huanza kurushwarushwa, basi shikeni safari ya kwanza ya siku, ale kidogo tu kabla yake, na kama ana shinikizo la damu au dawa za moyo, amwone daktari wake Tanga kabla hajaondoka ili aje na barua na dawa za kutosha, kwa sababu Marree haina hospitali na msaada wa dharura huko huja kwa ndege ya madaktari.

Mkishapata jina la kampuni na ratiba yao, iwekeni hapa bila bei, nami nitaipitia na kuwaambia kama saa walizoziandika barabarani zinawezekana.